Garissa haina uhaba wa lugha, ina uhaba wa walimu

Mnamo Agosti 2024, wazungumzaji wa Kiesperanto kutoka pembe mbalimbali za dunia walikutana mjini Arusha, Tanzania, kwa kongamano lao la 109. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kongamano hilo kufanyika barani Afrika.

Arusha ndiko yaliko pia makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Somalia ilijiunga nayo rasmi Machi mwaka huo huo. Hivyo mpaka wa jumuiya umevuka Liboi, na swali la watu hawa wote wataelewana kwa lugha gani linawahusu wakazi wa Garissa moja kwa moja.

Je, lugha ya kubuniwa ndilo jawabu?

L. L. Zamenhof, tabibu aliyezaliwa Białystok mwaka 1859, aliamini hivyo. Katika mji wake Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi waliishi kwa kushukiana, kila kundi na lugha yake. Mwaka 1887 akachapisha lugha isiyokuwa ya taifa lolote. Mwaka 1970, Kumi Attobrah wa Ghana naye akaibuni Afrihili, jina linalounganisha Afrika na Kiswahili. Leo hakuna soko wala mahakama barani inayoitumia.

Watetezi wa lugha hizi wana hoja. Kiingereza humpendelea aliyesomea shule bora, ilhali lugha ya kubuniwa ina sarufi nyepesi na haimpi yeyote ubwana. Hata hivyo, hali ya kaunti za Garissa, Wajir na Mandera yaonyesha kuwa tatizo liko kwingine.

Mtoto wa Garissa huzungumza Kisomali nyumbani na kukisikia katika soko la mifugo. Chuoni hufunzwa Kurani kwa Kiarabu. Kiswahili humkutanisha na mkulima Mpokomo wa kando ya Mto Tana na mfanyabiashara kutoka Mwingi. Kiingereza humngoja katika mtihani. Lugha ya tano itamfaa nini?

Isitoshe, lugha moja si dawa ya uhasama. Wasomali wengi wana lugha moja na dini moja, na tangu 1972 lugha hiyo ina maandishi rasmi. Hayo hayakuizuia serikali ya Somalia kuporomoka mwaka 1991, wala hayakuwazuia maelfu ya raia wake kukimbilia Dadaab.

Kinachokosekana ni mwalimu. Novemba 2014, abiria 28 wa basi lililotoka Mandera waliuawa, wengi wao walimu. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, na Tume ya Huduma za Walimu ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika eneo hilo. Mwalimu wa Kiswahili anapoondoka, darasa halipotezi somo tu, bali pia daraja la kuwafikia Wakenya wengine.

Kinachokosekana pia ni uaminifu. Kwa miaka mingi kijana Msomali, hata awe na Kiswahili fasaha namna gani, alipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho. Agizo la kuukomesha utaratibu huo lilitolewa na Rais William Ruto mjini Wajir Februari 2025. Ufasaha peke yake haukumwondolea mtu shaka. Ilibidi uamuzi wa serikali.

Katiba ya 2010 tayari imeonyesha njia. Ibara ya 49 yataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na Ibara ya 50 yampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Haki hizo hazihitaji msamiati mpya. Zahitaji wakalimani waliofunzwa na kulipwa.

Serikali na iwafunze na kuwaajiri walimu wenyeji wa Kiswahili, na iwalinde wanaotoka mbali. Nao maafisa wanaotumwa kaskazini wajifunze japo Kisomali cha kutosha kumsikiliza mama aliyekuja kituoni kushtaki, kwani daraja hujengwa kutoka kingo zote mbili.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kisomali na Kiswahili ndio mbacha wa Garissa, nao bado haujatandikwa ukatosha kukaliwa na wote.