Santuri Tamu, Ila Si kwa Sababu Mnayoisema

Pale hosteli kwetu kuna ubishi hauishi. Jirani yangu wa chumba cha pili alipopata bumu, badala ya kununua godoro kama sisi wengine, akanunua mashine ya santuri na sahani tatu. Tangu siku hiyo sisi watu wa CD tumekuwa raia wa daraja la pili. Eti masikio yetu yameharibiwa na dijitali. Eti CD inaukatakata muziki vipande, santuri inautoa mzima kama ulivyopigwa.

Jamani, hapo nakataa.

Kweli CD hupima sauti kwa vipande, mara 44,100 kila sekunde. Lakini sikio la binadamu haliendi mbali zaidi ya mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hesabu za Nyquist na Shannon, zile zile wanazohenyeka nazo wenzetu wa uhandisi wa mawasiliano, zinaonyesha kwamba ukipima zaidi ya mara mbili ya hapo, wimbi linarudi lote. Hizo ngazi ngazi mnazochora ubaoni hazifiki kwenye spika.

Santuri nayo ina mipaka yake. Besi nzito huyumbisha mfereji kupita kiasi, kwa hiyo hupunguzwa wakati wa kukata sahani, halafu amplifaya huirudisha. Nyimbo za mwisho, zilizo karibu na lebo, hupoteza ung'avu kwa sababu duara limekuwa dogo na mfereji unaopita chini ya sindano kwa sekunde moja ni mfupi zaidi. Ongeza vumbi na mikwaruzo. Nafasi kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa kwenye CD ni kama desibeli 96. Santuri nzuri huishia kwenye 70 hivi.

“Mbona tunasikia tofauti?” Mnaisikia, sibishi. Tangu miaka ya 1990 albamu nyingi za CD zimekuwa zikibanwa studio ili zipige kelele kuliko za jirani, na toleo la santuri mara nyingi huandaliwa kwa upole zaidi. Hilo ni kosa la fundi, CD mnaionea. Na mwaka 2022 ilijulikana kwamba Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimiwa sana na wapenzi wa santuri, ilikuwa kwa miaka ikipitisha kazi zake nyingi kwenye hatua ya dijitali. Wenye masikio ya dhahabu walikuwa wamezisifu tu.

Sisi wenyewe tulijaribu. Albamu moja, santuri na CD, watu sita, macho yamefungwa. Wote wakachagua santuri. Nikaangalia vizuri, kumbe ilikuwa imefunguliwa sauti kubwa zaidi. Tuliposawazisha, kura zikagawanyika tatu kwa tatu. Jirani akanuna hadi usiku.

Sasa msidhani naichukia santuri. Nyumbani babu ana kasha la sahani za dansi na taarabu, na nyingine sijawahi kuzikuta kwenye CD wala mtandaoni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za HMV. Sauti yake tunayo leo kwa sababu kuna watu walizitunza. Lakini kila sindano inapopita, mfereji unalika kidogo. Likizo iliyopita niliweka sahani aliyokuwa akiipenda marehemu bibi. Katikati ya wimbo sindano ikaruka, ikarudi, ikaruka tena. Babu akasema, “Iache mjukuu wangu, hiyo imeshakwisha.” Akairudisha kwenye kasha taratibu.

Wimbo ule sina namna ya kuurudisha. Ndiyo maana naona tunabishania kitu kisicho na faida. Ile mashine ya jirani ina tundu la waya wa kuunganisha na kompyuta, na hajawahi kulitumia hata siku moja. Likizo ijayo nimemwomba aniazime, naenda nayo kwa babu. Nawe kama kwenu kuna kasha kama lile, muulize mwenye nalo kabla sindano haijaanza kuruka.