Mchezo wa mezani kwa baba na mama



Juma hili tuongelee mchezo, si wa watoto, bali wetu na mabwana zetu. Jioni, watoto wakishalala, nyumba nyingi zinanyamaza: baba yuko kwenye telefone, mama anachambua maharage ya kesho.

Kwangu tulianza na dama. Bwana wangu aliizoea tangu ujana, mimi nilikuwa mwanafunzi tu. Usiku mmoja alinishinda mara tatu na akacheka. Nilifunga kartoni, ikakaa juu ya kabati mwezi mzima. Siku moja aliishusha mwenyewe, akatoa vizibo vyake vitano, akasema: "Mama, leo nitacheza na 15, wewe 20." Tangu siku ile nimejua kwamba mchezo mzuri ni ule unaowapa wote wawili hamu ya kurudia kesho.

Basi chagueni hivi.

Kama mnalingana, chezeni dama. Chora kwenye kartoni miraba 100, kumi kwa kumi. Vizibo vya chupa vinatosha: 20 vinatazama juu, 20 vimegeuzwa. Kama hamlingani, mwenye nguvu apunguze vyake.

Kama mmoja ni mgeni wa michezo, anzeni na ludo. Dadu haijui nani amesoma na nani hakusoma. Mkiwa wawili, kila mmoja achukue rangi mbili. Mchezo unakuwa mrefu na mtamu zaidi.

Kama mnapenda kuhesabu, kuna igisoro: mashimo 32 na mbegu 64. Plato ya mayai ina mashimo 30, hayatoshi. Twaa plato mbili, kata kila moja mashimo manne kwa manne, ziunganishe. Mbegu ni maharage. Wengine husema huo ni mchezo wa wanaume. Maharage ni ya nani jikoni?

Mshike mambo mawili. Msicheze kwa franga, maana pesa ya chakula haina mchezo. Na mpatane juu ya sheria kabla ya kuanza, kwa sababu ugomvi mwingi unatoka kwenye "kwetu tunacheza hivi".

Mniruhusu kuongeza neno moja. Usiku mmoja, akisogeza kizibo, bwana wangu aliniambia kwamba mshahara wake haujaingia miezi miwili. Alikuwa ameficha. Uso kwa uso asingesema. Macho yakiwa kwenye kartoni, mdomo ulifunguka. Hatukumaliza mchezo ule. Tulichukua kalamu, tukapanga namna ya kulipa masomo ya watoto.

Leo jioni ombeni kizibo kwa jirani anayeuza vinywaji. Baba akisema amechoka, mwambieni ni mchezo mmoja tu. Na ukishinda, mama, usicheke sana.

Tuonane juma lijalo.