Siku mlolongo mfupi uliposhinda mrefu

Ukitoka Mwatate kuelekea Wundanyi gari hupanda na kukata kona hadi masikio yakaziba. Huko juu kwenye ubaridi ndiko iliko Wusi, na ndiko nilikokuwa likizo iliyopita, nimeketi jikoni kwa mjomba wangu tukichambua maharagwe. Mjomba ni mwalimu mstaafu. Pembeni aliketi mjukuu wake, msichana wa kidato cha nne aliyekuwa ameagizwa na mwalimu wake aandike insha kuhusu demokrasia.

"Babu," akauliza, "akitokea mtu mwenye ulimi mtamu, watu wote wakampenda, halafu akaona sheria inamzuilia njia, mahakama itamfanya nini?"

Nilifikiri mjomba atamwambia akasome Katiba ya 2010. La. Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa nje, akasema, "Mimi nilipanga mlolongo mwaka wa 1988."

Mwaka huo mimi nilikuwa sijazaliwa, na bila shaka wengi wenu mnaosoma ukurasa huu hamkuwa mmezaliwa pia. Basi nieleze kidogo. Chama kilikuwa kimoja tu, KANU, kwa sheria iliyopitishwa mwaka wa 1982. Februari 1988, katika mchujo wa chama, wanachama hawakupiga kura ya siri. Walipanga foleni uwanjani mchana kweupe, kila mmoja nyuma ya mtu wake au wakala aliyeinua picha, chifu akitazama, na mwajiri akitazama. Aliyepata asilimia 70 ya watu wa foleni alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa mbunge. Hakuna tena kura ya siri. Na kwa kuwa hapakuwa na karatasi, hapakuwa na kitu cha kuhesabu upya. Watu walipotawanyika, ushahidi nao ulitawanyika.

Mjomba wakati huo alikuwa akifundisha mbali na kwao, katika wilaya ambayo sitaitaja. Mlolongo wake ulizunguka uwanja ukatokea barabarani. Ule mwingine uliishia kwenye goli. Ati ulipotangazwa mshindi, ni yule wa golini.

"Ukafanya nini, Babu?"

"Nilirudi nyumbani nikasahihisha vitabu vya wanafunzi."

Msichana akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana nilijiuliza kama mimi ningefanya zaidi. Mjomba alikuwa na mshahara wa serikali na watoto watatu. Wewe je, msomaji?

Usidhani kwamba Rais Moi alitawala kwa hofu peke yake. Hapo ndipo vijana wetu wanapokosea. Alipoingia mwaka wa 1978 aliwafungua wafungwa wa kisiasa. Mwaka wa 1979 akaleta maziwa ya Nyayo shuleni, bure. Mjomba mwenyewe aliyagawa darasani, na hadi leo anakumbuka furaha ya watoto. Rais alizungumza Kiswahili cha mtu wa kawaida, alisimamisha msafara njiani akasalimia akina mama, alitoa mchango kwenye kila harambee. Alipendwa. Septemba 1984 alipotoka Addis Ababa aliwataka mawaziri na kila mtu waimbe kama kasuku wimbo anaouimba yeye, na wengi waliuimba kwa hiari yao. Ulimi mtamu haumnyang'anyi mtu haki yake siku moja. Humfanya kwanza aone haya kuidai.

Wachache hawakuona haya. Vilima hivi vyetu vilimtoa Mashengu wa Mwachofi, mbunge wa Wundanyi, mmoja wa wale wabunge saba ambao Charles Njonjo aliwabandika jina la "madada wenye ndevu" mwaka wa 1981. Walikuwa wakiuliza maswali Bungeni, basi. Baadhi ya kundi lile waliishia gerezani, kizuizini au uhamishoni.

Sasa nirudie swali la msichana, kwa sababu jibu lake liko kwenye ule uwanja wa mpira. Tunapomwazia mtawala anayeivunja haki, tunamwona akimfukuza jaji. Lakini hebu tazama mpangilio wa mambo. Mwaka wa 1986 Katiba ilibadilishwa ili Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali asiwe na ulinzi wa kazi yake, pamoja na Mwanasheria Mkuu. Huyo wa kwanza ndiye anayehesabu fedha. Februari 1988 zikaharibiwa hesabu za watu. Ndipo Bunge lililotokana na milolongo ile, mwezi Agosti mwaka huo huo, likapitisha haraka haraka mabadiliko yaliyowaondolea majaji ulinzi wao. Yote yalikuwa halali kwa maandishi! Nani angepinga, nao waheshimiwa waliokuwa wakipiga makofi walijua vizuri ni mlolongo upi uliowaleta?

Na majaji walikuwa wamekwisha kuonyeshwa. Mwaka wa 1987 Jaji Derek Schofield aliwaamuru polisi wamlete Stephen Mbaraka Karanja, awe hai au maiti, kwa kuwa mkewe alikuwa akimtafuta. Kesi ikaondolewa mikononi mwake na Jaji Mkuu. Schofield akajiuzulu, akaenda zake.

Ulinzi wa majaji ulirudishwa mwaka wa 1990, na mwisho wa mwaka huo KANU yenyewe ikautupa mlolongo. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga tangu 1986, wakatukanwa sana kwa sababu hiyo.

Kuna atakayeniambia: hayo ni ya kale, leo tuna Mahakama ya Juu. Kweli, tarehe 1 Septemba 2017 majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo Afrika haikuwa imeliona. Nilipiga makofi mbele ya redio. Rais Uhuru Kenyatta alisema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu. Siku hiyo hiyo, mbele ya umati wa soko la Burma, Nairobi, akawaita majaji wale wakora. Umati ukashangilia. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Oktoba, dereva wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Kesho yake mahakama ilitakiwa kusikiliza ombi la kuahirisha uchaguzi wa marudio. Walihitajika majaji watano. Waliofika ni wawili, David Maraga na Isaac Lenaola. Kesi haikusikilizwa.

Kwa hiyo msichana, nikamwambia, mimi sina hakika na mahakama. Majaji ni watu, nao wana madereva na watoto.

Mjomba alicheka kidogo, akainuka. Alirudi na daftari la shule, lile la kurasa 48, jalada limechakaa. Ndani yake mlikuwa na takwimu kwa penseli. Kumbe Juni 2017 Mahakama ya Rufani iliposema kuwa matokeo yanayotangazwa mashinani ndiyo ya mwisho na Nairobi haiwezi kuyabadilisha, mzee huyu alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko mimi niliyesomea uandishi. Agosti 2022, fomu 34A ilipobandikwa kwenye mlango wa darasa alikopigia kura, alikwenda usiku na tochi akanakili kila mgombea na kura zake. Mwaka huo tume ya uchaguzi iliweka fomu za vituo vyote, 46,229, kwenye mtandao ili mwenye simu ajionee.

"Uliwahi kulinganisha?" nikamuuliza.

"Simu yangu ni ya kuongea tu."

Msichana alichukua simu yangu. Picha ya fomu za kituo kile nilikuwa nayo, nilizihifadhi wakati ule kwa ajili ya makala. Akamsomea babu yake safu moja baada ya nyingine, mzee akifuata kwa ncha ya penseli kwenye daftari, akiweka alama ya vyema kama anayesahihisha hesabu za darasa la tano. Zililingana zote.

Akalifunga daftari, akamkabidhi mjukuu. "Zimebaki kurasa thelathini na kitu," akamwambia. "Na wewe karibu utapata kitambulisho."

Kisha akaketi, akavuta sinia la maharagwe.