Darubini Moja kwa Kila Madrasa

Kila mwaka, jioni ya mwezi ishirini na tisa Shaabani, watu wetu wa pwani hupanda madarini na vilimani, macho yote yakaelekezwa magharibi. Mwezi umeandama? Haukuandama? Usiku huo ukipita, mbingu twaisahau mpaka mwaka wa pili. Hilo ndilo linisumbualo.

Sikusudii kuingia katika mjadala wa mwandamo. Mambo hayo yana wenyewe, nao ni maulamaa wetu. Wala asije mtu akachanganya falaki na ramli. Ninachosema ni elimu ya mbingu ambayo wazee wetu walikuwa nayo. Nahodha alivuka bahari usiku akiongozwa na nyota, na mkulima alikitazama Kilimia kabla ya kushika jembe. Leo ni vijana wangapi wawezao kukionyesha Kilimia kwa kidole?

Dawa yake ni darubini ndogo ya lenzi. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi: "dur" ni mbali na "bin" ni kuona. Ni bomba lenye lenzi kubwa mbele ya kukusanya mwanga, na lenzi ndogo penye jicho ya kukuza. Kwa anayeanza, lenzi ya mbele yenye upana wa milimita 70 yatosha kabisa.

Mwezi na utazamwe siku ya saba au ya nane. Ukiwa mpevu, jua huumulika uso kwa uso na vivuli vyote hupotea. Katikati, penye mpaka wa mwanga na giza, utaona shimo kubwa la mviringo, upana wake wapata kilomita 130. Laitwa Albategnius, na huyo si mwingine ila Al-Battani, bingwa wa falaki aliyefariki mwaka 929. Jirani yake ni Arzachel, yaani Al-Zarqali wa Andalusi. Pembeni kabisa liko la Alhazen, naye ni Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeandika juu ya mwanga na kuona miaka ipatayo 600 kabla ya Galileo kuielekeza darubini yake mbinguni. Padri Riccioli wa Italia alipotoa ramani ya mwezi mwaka 1651, aliwaenzi wanachuoni hao kwa kuyaita mashimo hayo kwa majina yao. Je, ni haki padri awakumbuke, na watoto wa madrasa zetu wasiwajue?

Darubini hiyo hiyo itawaonyesha miezi minne ya Mshtarii, pete za Zohali, na Zuhura ikipungua mpaka ikawa kama hilali. Nasi tuna bahati: kwa kuwa tu karibu na ikweta, sayari hupita juu sana vichwani mwetu, ambako mvuke na vumbi la hewa ni haba.

Lakini mnunuzi awe macho. Kuna maboksi yanayojigamba kwamba chombo hukuza mara 525. Huo ni ulaghai. Lenzi ya milimita 70 haifai kupita mara 140 hivi. Zaidi ya hapo utaona ukungu tu. Bora utazame miguu mitatu iwe imara isiyotikisika. Tena hewa yetu ina chumvi na unyevu, na lenzi huota kuvu. Ihifadhiwe pakavu, wala isisuguliwe kwa pindo la kanzu.

La hatari zaidi ni jua. Hilali huwa karibu nalo, na mwenye pupa aweza kuielekeza darubini magharibi mapema. Hilo ni haramu kwa macho! Jicho huungua mara moja, tena bila maumivu ya kumwonya mtu. Jua na lizame lote kwanza, na mtoto asiachiwe chombo peke yake mchana.

Mtaa mmoja ukichanga, darubini hupatikana, na hutumika miaka mingi. Tukifanya hivyo, kijana atakayepanda darini mwisho wa Shaabani atakuwa ameuzoea mwezi mwaka mzima. Wazee wa mitaa na walimu wa madrasa, neno sasa ni lenu.