Suria Si Mchepuko, na Mahari Si Hela ya Kununulia Mume

Mabibi harusi wa msimu huu, simu zenu zimejaa picha za magauni. Leo sina mtindo wa mtandio wala singo. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na hawa wanaotutafsiria tamthilia. Za Kituruki, za Kihindi, za Kikorea. Zile unazowekewa kwenye flashi kwa mia tano, zinachezwa saluni kutwa, zinachezwa kwa fundi, zinachezwa sebuleni watoto wakiwa chini kwenye mkeka. Mimi fundi cherehani, niko Kiwalani, na kazi ya shanga ni ya kukaa. Mikono inafanya kazi, masikio hayana kazi. Kwa hiyo nimesikiliza sana, pengine kuliko wanaotazama, maana anayetazama anavutwa na sura na nguo. Mimi nasikia maneno tu. Na maneno, jamani, ni machafu, na mengine si machafu ila ni ya uongo, na hayo ya uongo ndiyo yanayonikera zaidi.

Nianze na neno moja. Kuna tamthilia ya Kituruki ambayo sote tunaijua kwa jina la Sultan, ya Sultan Suleiman na Hürrem, iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2011 na baadaye Azam TV wakatuletea kwa Kiswahili. Sisemi ile ya Azam. Nasema vipande vinavyozunguka mitaani, ambavyo mtu amekaa na maiki yake akaongea juu yake anavyotaka. Kwenye kimoja nimesikia kwa masikio yangu Hürrem anaitwa "mchepuko wa mfalme". Watu saluni wakacheka. Na bibi harusi mmoja aliyekuwa anapimwa gauni akasema, basi mimi nataka nivae kama huyo mchepuko.

Hürrem hakuwa mchepuko. Alikuwa binti aliyetekwa kutoka nchi ambayo leo tunaiita Ukraine, akauzwa, akaingizwa kwenye jumba la mtu mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Hakuchagua. Hakumwibia mtu mume kwa meseji za usiku. Alikuwa suria, na suria ni neno la Kiswahili, lipo, halikuhitaji kubuniwa. Baadaye Sultan alimwacha huru na kumwoa, jambo lililowashangaza watu wa zama zile. Na mwaka 1552 aliweka wakfu Jerusalem, Baitul Maqdis, jiko kubwa la kulisha masikini. Mwanamke wa namna hiyo mtu wa mtaani kwetu amemfanya kimada wa gesti.

Mtasema, dada, ni mchezo tu, mbona unakuza? Nakuza kwa sababu neno hili si geni kwetu, na nyinyi wa Unguja ndio mnalijua kuliko mimi. Sayyid Said bin Sultan watoto wake waliobaki walizaliwa na masuria. Bibi Salme, aliyezaliwa mwaka 1844, yule aliyeandika kitabu cha maisha yake kikatoka Ujerumani mwaka 1886, mama yake alikuwa suria, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa akiwa mtoto mdogo. Na ilipotangazwa amri ya kuondoa utumwa Unguja mwaka 1897, masuria hawakuingizwa pamoja na wengine. Wao walingoja mpaka mwaka 1909. Miaka kumi na miwili! Wapo kati yenu, na sisi wa Bara pia, ambao bibi wa bibi yao alikuwa miongoni mwa hao waliongoja. Leo mjukuu amekaa saluni, anatiwa piko, anacheka mwanamke wa hali ileile akiitwa mchepuko.

Na kisheria ni vitu viwili tofauti kama mchana na usiku. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, suria akizaa na bwana wake hauzwi tena, mtoto wake ni huru na anarithi, na bwana akifa mama naye yuko huru. Mchepuko ni zinaa. Ukimwita wa kwanza kwa jina la wa pili umefanya mambo mawili kwa mpigo: umemtukana aliyeonewa, na umeitakasa zinaa ikaonekana ni jambo la kifalme. Hilo la pili ndilo linalofika kwa mwali. Anajifunza kwamba mchepuko akiwa mjanja na mzuri, mwisho wake anavikwa taji.

Sasa mahari. Hapa mnisikilize, maana hapa kuna pesa.

Kwenye tamthilia za Kihindi kila wiki kuna baba analia kwa sababu ya mali anayotakiwa kutoa ili binti yake aolewe. Pikipiki, dhahabu, fedha taslimu, vyote vinatoka kwa upande wa mwanamke kwenda kwa mume na wazazi wake. India wenyewe walipiga marufuku kwa sheria mwaka 1961, na mpaka leo wanawake maelfu wanakufa kila mwaka kwa sababu ya hicho kitu, wengine wanachomwa moto na wakwe. Mtafsiri wetu anakiitaje? Anakiita mahari.

Mahari! Kwetu mahari ni ya mwanamke. Anatoa mwanamume, anapokea mke, si baba wala mjomba. Iko Surat An-Nisaa, aya ya 4, kafungueni. Hicho cha kwenye tamthilia ni kinyume chake kabisa, kuanzia anayetoa mpaka anayepokea, na mtu amekibandika jina la haki yetu. Kama hukupata neno, sema kwa urefu: "mali anayotozwa baba wa binti". Sekunde moja inatosha.

Mnadhani haina madhara? Mwaka jana nilishona nguo za harusi ya binti mmoja wa huku kwetu, gauni moja la nikahi na moja la kutolewa nje. Siku ya kujaribu alikuja amevimba macho. Upande wa mume walikuwa wameleta orodha: friji, sofa, na pikipiki ya bwana harusi. Mama yake alipouliza hii ni desturi ya wapi, shangazi wa mume akajibu kwamba hata Wahindi mwanamke ndiye anayetoa mahari, kila siku tunaona. Kila siku tunaona! Najua kwenu visiwani wazazi wanampamba binti yao kwa vyombo vya ndani, na wengine huku pia, lakini hiyo ni hiari ya mzazi na mapenzi yake, haiji kwa orodha ya mkwe. Yule binti aliolewa alhamdulillah, wazee waliingilia kati na orodha ikachanwa. Lakini ile hoja ilitoka wapi? Ilitoka kwenye flashi ya mia tano.

Hapa nitende haki, maana sitaki kuonekana nawachukia vijana wanaotafuta riziki. Kazi ya kutafsiri filamu ni ya heshima na ina historia. Uganda wana ma-VJ wao, kina VJ Jingo. Kenya wana DJ Afro. Sisi huku tulikuwa na Derek Mukandala, Lufufu, ambaye alimfanya mtu asiyejua neno la Kiingereza aelewe sinema mwanzo mpaka mwisho na aondoke amefurahi. Bibi yangu mzaa mama aliangalia filamu za Kihindi ujana wake wote bila kuelewa neno, anasimulia kwa kubahatisha, na vizee vya mjini wengi wako hivyo. DJ ndiye aliyewafungulia mlango. Utani mimi siupingi. Mtu akiwapa majina ya kwetu, akasema Mkorea huyu anakimbia kama amekosa daladala ya Mbagala, nacheka na mimi. Kutohoa ni haki ya mtafsiri. Mimi mwenyewe kazi yangu ni hiyohiyo. Bibi harusi ananiletea picha ya gauni la Istanbul lililo wazi mgongoni, namwambia mgongo tutauziba kwa lesi na bitana, mikono tutairefusha, mkia tutaupunguza maana ukumbi wako una ngazi. Nabadilisha, lakini gauni la harusi linabaki gauni la harusi. Siwezi kumrudishia dera nikamwambia ndilo hilo.

Na inawezekana kutohoa kwa akili. Mwaka 2008 Waarabu waliichukua tamthilia ya Kituruki iitwayo Gümüş, wakaipa jina la Noor, wakawapa waigizaji majina ya Kiarabu, na wakaingiza sauti za Kisiria za mazungumzo ya nyumbani badala ya Kiarabu cha vitabuni. Mama wa nyumbani akasikia watu wanaongea kama jirani zake. Ilipendwa mpaka ikazua zogo, Mufti Mkuu wa Saudia akaikemea. Unaweza kukubaliana na mufti au na watazamaji, hilo sio langu leo, nasema tu kwamba ile ilikuwa kazi: mtu alikaa, akachagua aina ya lugha, akachagua jina, akajua anaongea na nani.

Hata Kiswahili chenyewe kimeshafanyiwa hivyo. Wachina walipotuletea Mao Doudou na Mama Wakwe Zake, TBC wakaionyesha kuanzia mwaka 2011, mazungumzo yaliandikwa na waigizaji wakaingiza sauti. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Na ilikuwa hadithi ya nini? Ya mke kijana na mavyaa wawili, maana wazazi wa mumewe walikuwa wameachana. Hakuna bastola wala vitanda. Mwaka 2016 StarTimes wakaendesha shindano la kutafuta sauti za Kiswahili, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo na kulipwa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Tatizo la mtaani ni kwamba wengi hawatafsiri kutoka Kikorea wala Kituruki. Wanatafsiri kutoka maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha, na pale Kiingereza kinapopungukiwa wao wanabuni. Na Kiingereza kwenye mambo ya ukoo ni masikini sana, wasomi wa blogu hii mtaniunga mkono. Dada wa mume, mke wa kaka, mke wa shemeji, kwao wote jina moja. Kikorea kina jina lake kwa kila mmoja, kama sisi tulivyo na wifi, na shemeji, na mavyaa, na mke mwenza. Yaani lugha mbili tajiri zimekutana, katikati amewekwa masikini awakalimanie! Matokeo yake nimemsikia mke anamwita dada wa mumewe "shemeji". Mwanamke anamwita wifi yake shemeji, mchana kweupe, na DJ hajashtuka, kwa sababu ni mwanaume na hajawahi kuwa na wifi.

Hiyo ndiyo nukta yangu ngumu kuliko zote. Wanaozungumza ni wanaume peke yao. Hadithi ni ya mke, mavyaa, mwali, mjane, na sauti ni ya kaka mmoja anayeigiza wanawake wote kwa kubana pua. Mavyaa akishauri, anafanywa mchawi. Mke akinyamaza, anaitwa mjinga. Akilia, yanawekwa matusi juu ya kilio chake. Kuna tukio moja la Kituruki mwanamke amenyanyua mikono anamwombea maiti mama yake, na juu ya dua ile DJ anatangaza namba ya simu ya duka lake. Astaghfirullah.

Najua masheikh wetu wengi wana jibu fupi: zimeni zote. Nawaheshimu, na mwenye kuweza kuzima azime, amepata kheri. Lakini nyumba ninazoingia kupima nguo, TV iko hewani, na aliyesema izimwe anasubiri kipindi cha mpira. Sitaki kuongea na nyumba ambazo hazipo.

Na kuna dhuluma nyingine nitaitaja na kupita: kazi za watu zinachukuliwa bila idhini. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu 1999. Wasanii wetu wa filamu waliingia barabarani Kariakoo mwaka 2017 kulalamikia filamu za nje zinazouzwa bila kulipiwa kodi, na walikuwa na haki. Mali ya wizi haina baraka hata ikiwa na mafundisho mazuri.

Nataka nini basi? Nataka wanawake waingie kwenye kazi hii, na hasa nyinyi wa visiwani mliolelewa na Kiswahili chenye adabu na chenye matusi yake ya kistaarabu. Mnajua kusema jambo zito bila kulitaja. Kila siku mnatuma sauti za dakika tano kwenye magrupu ya WhatsApp, zina kicheko, zina kilio, zina mafumbo. Hicho ni kipaji, na Azam na StarTimes wanahitaji sauti. BAKIZA mko nao hapohapo Unguja, kaulizeni neno kabla ya kubuni. Aliyesoma Uturuki, na wapo mabinti zetu wengi wamerudi na digrii zao, atafsiri kutoka Kituruki moja kwa moja.

Na nyinyi wenye saluni, mnaolipwa na bibi harusi laki na zaidi kwa siku, msimwekee uchafu masikioni akiwa amefumba macho anapakwa wanja. Muulizeni anachotaka kusikia.

Mimi kijana wa duka la muvi hapa mtaani nimeshamwambia. Akileta tamthilia iliyotafsiriwa na mwanamke, wifi akaitwa wifi na suria akaitwa suria, nitamlipa elfu moja kwa kila inayouzwa mia tano, na nitaicheza hapa ofisini wateja wote waisikie. Ameniuliza mwanamke huyo atampata wapi. Nimemwambia asubiri, kuna watu nawaandikia.