Nyumba pekee haitoshi

Tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, Desemba 3, 2023 liliua watu zaidi ya 80 na kuwaacha mamia bila makazi. Serikali iliwajengea waathirika nyumba katika kijiji cha Waret, wilayani Hanang, na tunaipongeza. Lakini aliyepoteza familia, mifugo na shamba kwa asubuhi moja haponi kwa kukabidhiwa ufunguo.

Wilaya ya Babati ina la kuwafundisha jirani zake wa Hanang. Katikati ya miaka ya 1990, msitu wake wa Duru-Haitemba ulikuwa karibu kutwaliwa uwe hifadhi ya Serikali. Vijiji 8 vilikataa, vikaachiwa viulinde vyenyewe. Vikaweka sheria ndogo na walinzi wake, na miti ikarudi.

Halmashauri za Babati na Hanang zishirikiane kulitumia somo hilo, ili kurudisha miti kuwe pia njia ya kuponya watu. Waathirika, na hata vijana wasio na pa kulala mjini Babati, wapewe vitalu vya miche na mizinga ya nyuki, na ofisa ustawi wa jamii awe nao pale pale wanapojaza udongo kwenye viriba. Mtu huongea kwa urahisi zaidi mikono ikiwa kazini kuliko akikalishwa mbele ya meza. Na walipwe. Asiye na chakula cha jioni haombwi kujitolea.