Mbunge wa Springfield Si Mbunge Mdogo

Wengi wetu tunaofuatilia siasa za Marekani tumezoea kutazama Washington tu. Mbunge wa jimbo tunamwona mtu wa kukata utepe na kuhudhuria mazishi, asiye na meno katika mambo mazito. Siafiki hata kidogo.

Simama kwenye daraja la mto Ohio, kati ya Paducah iliyoko Kentucky na Metropolis iliyoko Illinois. Upande wa Kentucky kima cha chini cha mshahara ni dola 7.25 kwa saa, kile kile cha serikali kuu ambacho hakijaguswa tangu Julai 2009. Vuka daraja, kimekuwa dola 15. Mwosha vyombo wa mgahawani anayelipwa kima hicho kwa saa 40 za wiki, huku atapata dola 290 kabla ya kodi, na kule 600. Rais wao ni mmoja, Kongresi yao ni moja. Hizo dola 310 zimetoka Springfield, makao makuu ya Illinois, ambako Seneta wa jimbo Kimberly Lightford alisimamia muswada uliotiwa saini Februari 2019, ukakipandisha kima hicho hatua kwa hatua kutoka dola 8.25 hadi kufikia 15 mwaka 2025.

Basi nishati je? Hiyo si kazi ya wakubwa? Mwaka 2021 kampuni ya Exelon ilikuwa imetangaza kuvifunga vituo vyake vya nyuklia vya Byron na Dresden, humo humo Illinois. Watetezi wa mazingira walidai umeme wa makaa ya mawe uwekewe tarehe ya mwisho. Vyama vya wafanyakazi vikahofia ajira za wanachama wao, hasa katika kituo kikubwa cha makaa cha Prairie State. Wakavutana kiangazi kizima. Kuwakalisha watu hao meza moja mpaka waelewane ndiyo kazi yenyewe ya mbunge wa jimbo, na haina kamera.

Mwafaka uliopatikana uliweka mshahara na mazingira ndani ya sheria moja: vinu vya nyuklia visaidiwe kwa takriban dola milioni 700, Prairie State ifungwe ifikapo 2045, na mafundi wa miradi mikubwa ya jua na upepo walipwe ujira usiopungua ule unaolipwa mafundi wa eneo lao. Fedha za kuokoa vinu hutoka kwa mteja wa umeme, naye ana haki ya kuhoji kila senti. Lakini amhoji aliyeamua, na huyo hayuko Washington.

Kura ya mwisho ilipigwa Septemba 13, siku ile ile ambayo Byron ilikuwa ianze kuzimwa. Seneti ya Illinois ina viti 59. Waliosema ndiyo walikuwa 37.